Data za afya tunazo, ila vijana wanaanzia kwenye kompyuta badala ya kuanzia kwenye dodoso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji, na kama itabidi mkate basi kateni huku mwanzoni maana mambo yenyewe yako mbele. Kila msimu wa mahafali lazima atokee mtu gazetini aseme vijana wa vyuo hawafanyi utafiti wa maana, tasnifu zinajaza makabati na hamna anayezigusa. Sibishi sana. Ila mimi kazi inayoniweka mjini ni kuwasaidia wanafunzi wa afya ya jamii, manesi wanaosoma masta na saa zingine madaktari wenyewe kuchambua takwimu zao, na nikiangalia wanavyokuja naona tatizo haliko kwenye akili zao, liko kwenye wanavyoanza.

Mwanafunzi anatunga dodoso lake mwenyewe, anaenda kliniki mbili tatu za karibu na chuo, anauliza akina mama mia na kitu waliokuwa kwenye foleni na watoto mgongoni, hela ya nauli na ya kuprinti katoa mfukoni kwake, alafu mwisho wa siku anaandika kuhusu "wanawake wa Tanzania". Wakati huohuo kuna majibu ya wanawake 15,254 na wanaume 5,763 wa mikoa yote 31, bara na visiwani, yamekaa kwenye faili yanamsubiri mtu mwenye swali. Naongelea ule Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, ambao sisi wa fani tunauita DHS tu, kifupi cha Demographic and Health Survey, jina la mradi wa kimataifa wa tafiti za aina hii. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, pamoja na wizara za afya za pande zote mbili, walipeleka wadadisi maeneo 629, kila eneo kaya 26, kuanzia Februari hadi Julai mwaka ule, kabla hata ya sensa ya Agosti. Na haikuwa mara ya kwanza, ulianza 1991-92, ukaja 1996, 2004-05, 2010, 2015-16, katikati hapo kuna mdogo wa 1999, yani tuna karibu miaka 30 ya maswali yanayofanana kwa sehemu kubwa. Kenya nao wana wa kwao wa 2022, mkubwa kuliko wetu, wanawake zaidi ya elfu 32, na wameusambaza mpaka kaunti zote 47.

Data hizi mtafiti hazilipii hata shilingi. Utaratibu uliozoeleka, kabla ya mkwamo wa 2025 nitakaousema mbele, ni kwamba unajisajili, unaeleza kwa aya moja mbili unataka kufanya nini, unataja nchi unayoitaka, unakubali masharti kwamba hutamgawia mwingine mafaili na hutajaribu kumtafuta mtu aliyehojiwa, basi. Sasa hapa ndo penye mtego. Mtu akisikia bure anakimbilia kupakua, anafungua programu, anakutana na kolamu maelfu zenye majina kama v025, m14, hw70, anachanganyikiwa, anaziba masikio anaanza kubonyeza. Wiki ijayo ananipigia simu, "kaka matokeo yangu mbona yanasema hivi".

Ninachomwambia kila anayekuja, na ndo sababu ya barua hii, ni kwamba aifunge kwanza hiyo kompyuta. Achukue ripoti kubwa ya utafiti, aende kurasa za nyuma kabisa kwenye viambatisho, asome dodoso zima kuanzia swali la kwanza. Lote. Lile la kaya, la mwanamke, la mwanaume. Maana kila namba kwenye faili ni jibu la swali fulani aliloulizwa mtu fulani, na kama hujui swali lilikuwa lipi na nani aliulizwa na nani ALIRUKWA, wewe huna data, una tarakimu tu.

Nitoe mfano. Maswali ya mahudhurio ya kliniki wakati wa mimba hayaulizwi kwa kila mtoto mama aliyemzaa. Yanaulizwa kwa uzazi wa karibuni tu. Sasa mwanafunzi anafungua faili anakuta mstari una mtoto lakini kolamu ya mahudhurio iko tupu, na kwa sababu anataka data yake iwe "safi" anajaza sifuri. Hapo kashawageuza akina mama chungu nzima kuwa watu wasioenda kliniki, wakati ukweli hawakuulizwa habari za mtoto yule. Tupu siyo hapana! Tupu maana yake mdadisi aliruka swali kwa sababu dodoso lilimwambia aruke, na kwenye dodoso mshale wa kuruka umechorwa pale pembeni kabisa, ukilisoma unauona.

Au hili la udumavu ambalo linapendwa sana siku hizi. Urefu wa mtoto kwa umri wake uko kwenye kolamu mbili tofauti, kwenye mafaili mawili tofauti. Faili linaloanza na TZ likafuatiwa na KR ni la watoto waliozaliwa na wanawake waliohojiwa, urefu humo unaitwa hw70. Faili la PR ni orodha ya watu wote wa kwenye kaya, humo unaitwa hc70. Wengi wanakimbilia KR kwa sababu limeandikwa ni faili la watoto, basi wanaona limewatosha, alafu wanashangaa mbona asilimia yao haifanani na ya ripoti. Haiwezi kufanana. Mtoto anayelelewa na bibi yake kijijini huku mama yuko Dar anafanya kazi za ndani, hayumo kwenye vipimo vya KR, maana mama yake hakuhojiwa kwenye ile kaya na kama kahojiwa mjini basi mtoto hayupo pale kupimwa. Kwenye PR yumo, kwa sababu alilala pale usiku wa kuamkia siku wadadisi walipofika, akapimwa kama wenzake. Ripoti inatumia PR. Na kwa nchi yetu ambayo watoto wa kwa bibi wako kila kijiji, nadhani mnaelewa kwamba hili siyo jambo la kitaalamu tu la watu wa kompyuta, ni watoto halisi wanaotoka au kuingia kwenye hesabu kutegemea umefungua faili gani.

Alafu ndani ya hilo KR kuna na watoto waliofariki. Dodoso linamuuliza mama historia yake yote ya uzazi, aliyepo na asiyepo, na kila aliyezaliwa miaka 5 ya karibuni ana mstari wake humo. Kolamu inaitwa b5, 1 yupo hai, 0 hayupo. Ukisahau kuiangalia unaweza ukatafuta chanjo za mtoto ambaye alishazikwa.

Nikiwa hapohapo kwenye urefu. Hiyo namba imeandikwa bila nukta, kwa hiyo hasi 200 maana yake ni hasi 2, yani hatua mbili za kitakwimu (standard deviation) chini ya urefu wa kawaida wa umri huo, aliye chini ya hapo ndo anahesabiwa kadumaa. Vipimo vilivyotia shaka vimepewa namba kama 9996 au 9998, ni alama tu ya kusema usinihesabu. Mtu asiyesoma maelezo anachukua wastani wa kolamu yote pamoja na hizo 9996, anapata taifa la majitu, watoto warefu kuliko minazi, na wallahi nimeshaona tasnifu iko kwenye rasimu ya mwisho ina wastani wa namna hiyo na msimamizi kaweka tiki.

Tarehe nazo zinawatesa. Mtu anafungua anakuta mwezi wa kuzaliwa umeandikwa 1465 anadhani faili limeharibika. Halijaharibika. Ni miezi imehesabiwa kuanzia mwanzo wa 1900, kwa hiyo Januari 1900 ni 1, na ukichukua miaka 122 mara 12 ukajumlisha 1 unapata 1465, Januari 2022. Ukishaelewa utaipenda kabisa, maana kutafuta umri wa mtoto kwa miezi unatoa namba mbili tu umemaliza.

Kuna sehemu moja ya dodoso ambayo naomba kila anayetaka kuigusa atulie kwanza aisome mara mbili, sehemu ya ukatili wa majumbani. Pale hawaulizwi wanawake wote wa kwenye kaya. Anachaguliwa mmoja tu kwa kaya, hata kama wako watatu wenye sifa, na mdadisi haruhusiwi kuendelea kama kuna mtu mwingine anasikia, mume akiingia sebuleni maswali yanakatwa au yanageuzwa. Sababu mnaijua, swali lenyewe linaweza kumletea mama wa watu matatizo wadadisi wakishaondoka. Kwa vile kachaguliwa mmoja, wanawake wa kaya zenye wanawake wengi walikuwa na nafasi ndogo ya kuulizwa, kwa hiyo sehemu hii ina uzito wake peke yake kwenye data, kolamu ya d005, siyo ule wa kawaida wa v005. Kijana anayetumia v005 hapa hapati ujumbe wowote wa kosa kwenye skrini, programu inamletea jibu zuri tu lenye nukta zake, na ndo ubaya wa kompyuta, haikatai.

Na huo uzito wenyewe niueleze maana ndo swali namba moja ninaloulizwa. Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina watu milioni 1.9 hivi, nchi nzima ni milioni 61.7, kwa hiyo visiwani ni kama watu 3 kwenye kila 100. Lakini kwenye utafiti Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, na kila mkoa ni lazima uhojiwe watu wa kutosha ili uweze kusema chochote kuuhusu. Mkoa wa Kusini Unguja una watu hawafiki laki 2, Dar es Salaam ina zaidi ya milioni 5. Ukichukua wote waliohojiwa ukawahesabu kichwa kichwa, Makunduchi anakuwa na sauti kubwa kuliko Mbagala, yani mtu mmoja wa Kusini Unguja anabeba nafasi ya wachache na mmoja wa Dar alitakiwa abebe nafasi ya maelfu lakini wewe umewafanya sawa. Uzito unarudisha haki hapo. Kwenye faili v005 imeandikwa ikiwa kubwa, unaigawa kwa 1,000,000 ndo unaitumia. Na usiishie kwenye uzito, uiambie programu pia kwamba watu hawa walichaguliwa kwa makundi, klasta ni v021, na tabaka la sampuli, yani ule mgawanyo wa mkoa na mjini au kijijini, nalo lina kolamu yake, maana kaya 26 za mtaa mmoja wanafanana, wanakunywa maji ya kisima kimoja na wanaenda zahanati moja, siyo sawa na kuokota kaya 26 nchi nzima. Ukiacha hilo matokeo yako yatajiamini kupita kiasi, kila kitu kitakuwa na nyota tatu, ile alama ya kusema tofauti hii siyo ya bahati tu.

Kuhusu programu za kuchambulia takwimu sina maneno mengi. Vijana wanahangaika kutafuta Stata au SPSS ya kukrakiwa, laptopu inajaa virusi, wakati R ni bure na ina kifurushi kinaitwa survey ambacho kazi yake ndo hiyohiyo ya uzito na klasta. Wenyewe DHS wameweka hadharani amri zao za kompyuta (code) za kutengenezea viashiria, kwa Stata, SPSS na R, unachukua unasoma wamefanyaje. Laptopu ya kawaida ya ramu 4 inatosha kabisa.

Kazi ya kwanza ninayompa mtu ni kutoa namba ambayo tayari iko kwenye ripoti. Mfano udumavu, ripoti ya 2022 inasema asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano. Haya, kaa chini, itoe wewe hiyo 30 kutoka kwenye faili. Wengine inawachukua siku, wengine wiki, wananuna, wanasema hii si ishajulikana sasa nairudia ya nini. Lakini akiipata, na akapata na ya mikoa vilevile kama jedwali linavyosema, hapo najua anajua nani yumo nani hayumo, uzito kauweka, alama za 9996 kazitoa, na sasa yuko huru kuuliza swali lake mwenyewe ambalo ripoti haijalijibu. Kabla ya hapo simruhusu hata kuandika utangulizi. Wananiita mkoloni, sawa tu.

Na maswali ambayo ripoti haijajibu yako mengi jamani. Ripoti inakupa asilimia kwa mkoa, kwa elimu, kwa hali ya kipato, inaishia hapo, haina nafasi ya kuingia ndani. Ukitaka kujua kama mama aliyemaliza sekondari anajifungulia hospitali hata kama anaishi mbali kijijini, au kama watoto wa baba aliyesafiri wanapata chandarua sawa na wengine, faili lipo, ingia. Ila ujue na mipaka yake. Mwanamke wa miaka 50 na kuendelea hakuhojiwa, kwa hiyo mambo ya kukoma hedhi baada ya umri huo sahau. Vipimo vya mahali wameviweka lakini wamevisogeza makusudi ili asijulikane mtu, mjini mpaka kilomita 2, vijijini mpaka kilomita 5, na vichache vya vijijini mpaka 10, kwa hiyo yule anayetaka kupima umbali wa kutoka nyumbani hadi zahanati kwa kutumia zile nukta za ramani ajue anapima kutoka kwenye nyumba ambayo siyo yenyewe.

Kulinganisha miaka nako kuna mambo yake. Songwe imezaliwa 2016 ikitoka Mbeya, kwa hiyo Mbeya ya utafiti wa 2015-16 siyo Mbeya ya 2022, moja ina Tunduma ndani nyingine haina. Rudi mpaka 2010 ndo kabisa, Geita, Simiyu, Njombe na Katavi hazikuwepo. Kuna mtu alinionesha grafu ya Iringa kuanzia 2004 hadi 2022 amefurahi mstari ulivyovunjika katikati, ana nadharia ndefu ya sera ya lishe, nikamuuliza Njombe ilikuwa wapi kabla ya 2012. Na kujifungulia kituoni vilevile, tunasema tumetoka asilimia 63 ya 2015-16 tumefika 81 ya 2022, maendeleo ni makubwa kweli na mimi siyapingi, ila ripoti ya zamani iliangalia uzazi wa miaka 5 iliyotangulia na mpya inaangalia miaka 2. Mwenye mafaili anaweza kuzikata zote ziwe miaka 2 akalinganisha kitu kwa kitu. Mwenye ripoti tu hawezi.

Sasa nirudi kwa wasimamizi wa tasnifu, maana vijana peke yao nitakuwa nawaonea. Kuna chuo kimoja, sikitaji, binti alipeleka pendekezo la kutumia data za DHS akaambiwa hiyo siyo risechi, "umekopi data za watu", nenda fildi. Akaenda fildi, akauliza watu wachache kwenye kituo kimoja, akapasishwa. Haya mawazo kwamba utafiti ni lazima utoke jasho barabarani yanatugharimu. Watu wa Marekani na Ulaya wanachapisha makala kila mwezi kuhusu udumavu wa Rukwa na mimba za utotoni za Katavi kwa kutumia mafaili hayahaya, hawajawahi kufika hata Sumbawanga, hawajui uji wa pale unakorogwaje, na sisi tunaoujua tunakatazwa tusiyaguse. Msimamizi anayeogopa data hizi mara nyingi ni kwa sababu hajawahi kuzifungua, hilo ndo la ukweli, na hamna ubaya kukaa pamoja na mwanafunzi mkajifunza. Kibali cha maadili cha chuo bado kiombwe kama kawaida hata kama huendi kuhoji mtu, majina hayamo lakini maisha ya watu yamo.

Kuna jambo la haraka zaidi. Mradi huu wa DHS ulianzishwa 1984 na miaka yote mlipaji mkubwa alikuwa shirika la misaada la Marekani, USAID. Februari 2025 serikali ya Marekani ilipokata misaada, mradi ukasimama, na maombi mapya ya watafiti yakakwama, watu wangu wawili walikuwa katikati ya tasnifu wakabaki wanaangalia ukurasa unaosema kazi imesitishwa. Data za watoto wa Simiyu, zimekusanywa na vijana wa Kitanzania waliobeba mizani na vibao vya kupimia urefu mgongoni, mlango wake unafungwa na mtu wa Washington. Ofisi yetu ya Takwimu ina hazina yake ya takwimu mtandaoni, ningeomba mafaili yote ya kuanzia 1991-92 yawe yanapatikana kupitia hapo moja kwa moja kwa mtafiti wa ndani, na bajeti ya utafiti unaofuata isomwe bungeni kama inavyosomwa ya sensa. Wabunge wanaopenda kunukuu asilimia za utafiti huu wakichangia hoja basi waupigie na kura ya fedha.

Namalizia na nyie wa gazeti, msinune. Ripoti ya 2022 ilipotoka mliandika kwa herufi kubwa mikoa inayoongoza kwa udumavu, Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mlichoandika hakikuwa uongo. Lakini watoto waliopimwa kwenye mkoa mmoja ni wachache, siyo maelfu, na kila asilimia ya pale ina nafasi ya kucheza juu na chini. Kusema Njombe iko juu ya Rukwa kwa tofauti ya 0.6 ni kusema kitu ambacho utafiti wenyewe haukisemi, wangerudi wiki iliyofuata kwa kaya zingine wangeweza kukuta Rukwa juu. Iringa kuwa juu ya wastani wa taifa, hilo linasimama bila wasiwasi, na kwamba 2015-16 ilikuwa kama 42 ikapanda badala ya kushuka, hilo ndo lilistahili kichwa cha habari na mwandishi kupelekwa Kilolo na Mufindi akaulize kulikoni sehemu yenye chakula kingi hivyo.

Na ile ya vifo vya wajawazito mlioichapa kila mahali, 556 kushuka hadi 104 kwa kila vizazi hai laki moja. Mnajua inapatikanaje? Mdadisi anamuuliza mwanamke habari za ndugu zake wa tumbo moja, dada gani kafariki, alikuwa mjamzito au ametoka kujifungua, alafu wanahesabu vifo vya miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, kwa ripoti ya 2022 ni miaka 7. Kwenye sampuli nzima ya nchi vifo vya namna hiyo Mungu akijalia vinakuwa vichache, ndo maana namba hiyo ni ya taifa tu, hamna ya mkoa, na ndo maana kila ripoti inaweka chini na juu yake, kwamba ukweli uko kati ya hapa na hapa. Kushuka kumeshuka. Ila mkoa fulani ukiwaambia "sisi vifo vimeshuka kwa asilimia kadhaa kwa mujibu wa DHS", mwandishi wenu amuulize wameitoa ukurasa wa ngapi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo, mnapochapa asilimia yoyote ya utafiti huu wekeni pembeni yake watu wangapi waliulizwa na walikuwa akina nani. Ni mstari mmoja, jedwali la ripoti linao tayari, mara nyingi kwenye kolamu ya mwisho kulia, hauhitaji mtaalamu, na nafasi mnayo maana tangazo la yule mganga wa ukurasa wa 14 mnalipatia robo ukurasa kila siku.

Wenu msomaji,
Morogoro